Safu Iliyobaki Tupu

Januari, saa moja asubuhi, giza bado la masizi.
Gari la Wiebren limekataa kuwaka mara mbili,
la tatu likakohoa, likakubali.
Teatske ameukalia mkate. Hakuna anayemwambia.

Tunashuka nyuma ya tuta la Holwerd,
kondoo wameupa upepo makalio,
na upepo wenyewe hauna adabu:
unaingia mkononi mwa koti, unapekua kwapa,
unatoka na joto la mtu.
Ng'ambo ya nyasi zilizoganda bahari imekwenda zake.
Imeacha tope, tope hadi macho yachoke,
linang'aa kama mgongo wa mkunga.

Sisi ni wanne na daftari moja.
Kila mwaka, Jumamosi ya pili, tunahesabu.
Jelmer anaandika kwa penseli, maana wino huganda.
Mimi nimepewa bata bukini, wale wa mashavu meupe,
wanaopiga kelele kama mkutano uliokosa mwenyekiti.
Nahesabu kumi kumi; nikipotea narudi mwanzo,
nikipotea tena nakadiria,
na kukadiria, asema Jelmer,
ni uongo uliovaa suti.

Kisha Teatske anashika pumzi:
kule, juu ya kigingi, kitu cheupe kimejikunyata.
Bundi wa theluji! Hajaonekana huku miaka na miaka.
Tunabishana nusu saa, kwa kunong'ona, kama walio kanisani.
Wiebren anakaza darubini, anafuta kioo, anakaza tena.
Mfuko wa mbolea.
"Lakini," asema Teatske, "ulikuwa umekaa kibundi."

Sululu analia kutoka kwenye mfereji,
sululu, aliyegawana jina na chombo cha kuchimbia,
na ukiutazama mdomo wake huulizi kwa nini.
Huyo Wiebren bado anamsikia.
Wale wadogo ndio hawamfikii tena.
Miaka thelathini na minne ya kukereza meno ya watu,
mashine ikiimba kando ya sikio,
na sauti nyembamba zimemhama mojamoja
kama wapangaji, bila kuaga.
Hatujawahi kulizungumza.
Teatske huvua glavu tu, vidole vyekundu,
na kugonga juu ya mkono wa koti lake:
haraka, haraka, haraka, kituo. Haraka.
"Chamchanga," asema Wiebren, macho yakiwa mbali.
Sahihi. Jelmer anaandika.

Saa sita na ushei maji yanarudi,
si kwa mawimbi, kwa kunyatia,
yanajaza nyayo, yanajaza mifereji,
yanawasukuma ndege kuelekea kwetu hatua kwa hatua,
mpaka ufuko wote mbele ya tuta ni migongo ya kijivu
iliyobanana, kila mmoja kwa mguu mmoja.
"Sasa," asema Jelmer. "Sasa ndiyo hesabu."
Nami nimefika mia nne na kumi

kozi anapodondoka.

Ufuko unainuka.
Sina namna nyingine ya kulisema.
Ulioonekana ardhi unanyanyuka na kuwa kitambaa,
kitambaa kinakunjwa, cheusi, kinakung'utwa, cheupe,
kinapita juu ya vichwa vyetu chini kiasi kwamba
kofia yangu inatikisika,
na mbawa zile, maelfu, hazilii: zinavuma
ndani ya mbavu, ndani ya meno.
Kozi anaondoka mikono mitupu.
Penseli ya Jelmer iko mdomoni mwa Jelmer.

"Hao," asema Wiebren, na anacheka, na pua inamtiririka,
"hao nimewasikia."

Jikoni kwa Teatske, supu ya njegere kavu,
nzito, kijiko kinasimama peke yake.
Fomu iko mezani. Safu ya chamchanga inangoja.
"Elfu nane?" nasema. "Elfu kumi?"
Jelmer anaandika kitu, anakifuta,
anapuliza vumbi la ufutio hadi kwenye supu yangu.
Anaikunja fomu vilevile ilivyo.

Ndipo Teatske anapoukumbuka mkate,
bapa kama bahasha.
Tunaula.